Kabla Hujakubali Kusomewa

Mwaka 1970 Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha mfululizo wa vipindi ulioitwa Uchaguzi ni Wako. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, na ndio mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wasikilizaji walikutana kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Kipindi kilipokwisha walifungua kijitabu kilichochapwa kwa ajili ya mfululizo huo, anayejua kusoma akawasomea wenzake, kisha wakajadili. Mtindo huo ulirudiwa mwaka 1971 kwa Wakati wa Furaha, na mwaka 1973 ukafika kileleni kwa Mtu ni Afya, kampeni iliyoshirikisha watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili. Wengi wao walitoka kikundini wakaenda kuchimba vyoo.

Nchi ilikuwa ya chama kimoja. Redio ilikuwa ya serikali na kijitabu kilikuwa cha serikali, na hilo halifai kufichwa. Hata hivyo mpango ule ulishikanisha mambo matatu: sauti, maandishi, na watu wa kujadiliana nao. Leo sauti tunazo nyingi kuliko wakati wowote, kuanzia redio za mikoani hadi YouTube na sauti zinazorekodiwa na kutumwa kwa WhatsApp. Watu wa kujadiliana nao tunao kijiweni na kwenye makundi ya simu. Kilichotoweka ni kijitabu. Tunabishania bajeti tusiyoisoma, muswada tusiouona na ripoti tuliyosimuliwa. Makala haya yanaeleza namna ya kuyarudisha maandishi katikati ya mazungumzo, kwa mtu mwenye simu ya kawaida, muda mchache na fedha kidogo.

Kisomo kilipanda, kikashuka

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa asilimia 67 hivi ya Watanzania wakubwa hawakujua kusoma na kuandika. Serikali ilianza na maeneo machache, Mafia na Ukerewe yakiwemo, kisha kampeni ikaenea nchi nzima. Mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 ulikuta wasiojua wamebaki asilimia 39. Ule wa mwaka 1986 ukawakuta chini ya asilimia 10. Kisha tukarudi nyuma. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 78 hivi, maana yake zaidi ya mtu mmoja katika kila watano hawakujua.

Takwimu hizi zenyewe zinataka kusomwa kwa uangalifu. Zile za 1975 na 1986 zilitokana na mtihani wa kampeni, na kampeni yoyote hupenda kuonekana imefaulu. Sensa humuuliza mtu kama anajua, haimpi karatasi asome. Vipimo viwili tofauti haviwezi kutupa kiasi kamili cha mporomoko. Lakini sababu za kurudi nyuma zinajulikana: uchumi uliyumba miaka ya 1980, ada za shule zikarudishwa, madarasa ya watu wazima yakakosa fedha, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa yakakosa uwezo wa kuendelea. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini kisha akakosa cha kusoma, husahau.

Kwa upande wa watoto, ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 madarasa yalifurika. Utafiti wa mwaka 2010 wa mpango uitwao Uwezo ukaonyesha kuwa ni watoto watatu hivi tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Watoto wale sasa ni wapiga kura. Mtaala ulirekebishwa mwaka 2015 ili madarasa ya kwanza yakazie kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini waliopita kabla ya hapo hawakurudishwa darasani.

Kuna pia kundi lisilohesabiwa na sensa yoyote, la wanaojua kusoma lakini hawasomi kinachozidi aya mbili. Humo wamo wenye vyeti vizuri tu. Kwa mambo ya siasa nawahofia hao zaidi, kwa sababu asiyejua kusoma huuliza, na huyu amekwisha kuamini kuwa anajua.

Gazeti linaposomwa na mtangazaji

Kila asubuhi mamilioni hulisikia gazeti badala ya kulisoma. Mtangazaji huchagua habari sita au saba, husoma kichwa na mistari michache, huongeza neno lake, hucheka au huguna. Mguno ule ni maoni ya kisiasa. Msikilizaji hawezi kuurudia, hawezi kuupima, na jioni atauchanganya na habari yenyewe akidhani vyote vilichapwa gazetini.

Mwaka 2017 aliyekuwa waziri wa habari, Harrison Mwakyembe, aliagiza vituo vya redio na televisheni visome vichwa vya habari tu, ili watu wakanunue magazeti. Kilio cha wachapishaji kilikuwa cha kweli. Lakini kwa msikilizaji wa kijijini ambako gazeti halifiki, au linafika limechelewa, agizo lile lilimwachia sehemu mbovu kuliko zote. Kichwa cha habari kwa kawaida huandikwa au hukamilishwa na mhariri aliye mezani, hakiandikwi na mwandishi aliyekwenda kwenye tukio, na kazi yake ya kwanza ni kukufanya usimame.

Kwa hiyo chagua habari moja kwa siku, ile iliyokugusa, uitafute nzima. Watu kumi wa kijiwe kimoja wakichangia wanaweza kununua gazeti moja kila siku bila mtu kuumia. Mjini zipo maktaba za mkoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, pamoja na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1967, ambako magazeti husomwa na matoleo ya zamani hutunzwa. Toleo la zamani lina thamani kubwa: ahadi ya mgombea iliyotolewa miaka mitano iliyopita bado imeandikwa humo kama alivyoitamka.

Unapoisoma habari, tafuta kwanza nani anasema. Je, mwandishi ameiona hati au amesimuliwa? Maneno kama inadaiwa, inasemekana na chanzo cha kuaminika hayamaanishi kuwa habari ni ya uongo, ila yanakuambia kwamba uthibitisho haujawekwa mbele yako. Kisha tafuta mtu aliyelaumiwa: amepewa nafasi ya kujibu, na jibu lake liko aya ya tatu au limefichwa mwishoni? Mwisho angalia mwenye chombo. Uhuru ni gazeti la CCM. HabariLeo ni la serikali. Vyombo binafsi navyo vina wamiliki wenye biashara zao, na vinategemea matangazo, mengi yakitoka kwa serikali na makampuni makubwa. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kidogo sana, na habari nyingi hutoka kwenye semina zilizolipiwa posho na aliyeziandaa. Usilikatae gazeti kwa sababu hiyo. Soma mawili yenye wamiliki tofauti kuhusu jambo lilelile, uangalie kila moja limeacha nini.

Ripoti ya CAG na vitabu vya bajeti

Hapa ndipo pengo kati ya kusikia na kusoma linapoonekana vizuri, na ndipo ningependa msomaji aanzie.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) humkabidhi Rais ripoti ya mwaka kufikia mwisho wa Machi, na ripoti huwasilishwa bungeni Aprili. Kwa wiki mbili vyombo vyote huwaka moto, kisha kimya. Ripoti zenyewe hubaki kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na yeyote anaweza kuzipakua bure. Usijaribu kusoma kurasa zote. Fungua ripoti ya serikali za mitaa, nenda kwenye yaliyomo, tafuta jedwali lenye jina la halmashauri yako, na soma aya zinazoitaja.

Utakutana na hati. Wanasiasa hujisifu kuwa halmashauri yao imepata hati safi, na mwananchi husikia kwamba hakuna kilichoibwa. Mkaguzi hakusema hivyo. Hati inayoridhisha, ndiyo hiyo inayoitwa safi, ina maana kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi ya hesabu bila dosari kubwa. Ni hukumu juu ya vitabu. Halmashauri inaweza kuipata, na kurasa chache mbele ukasoma kwamba kuna makusanyo ya mashine ambayo hayakufika benki, au zahanati iliyolipiwa haijaezekwa. Hati yenye shaka ni hatua ya chini yake, hati isiyoridhisha ni mbaya zaidi, na hali nyingine ni pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Upande wa pili wapo wanaosoma kila hoja ya ukaguzi kama hukumu ya wizi. Malipo yasiyo na viambatisho ni malipo ambayo hayajathibitishwa. Huenda fedha zimeliwa, huenda risiti zimepotea kabatini. Hoja inataka jibu, na mwananchi anatakiwa kufuatilia kama jibu lilitolewa. Ripoti ya mwaka unaofuata huwa na sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo yaliyopita. Ni sehemu isiyotangazwa sana, nami naiona kuwa muhimu kuliko nyingine zote, kwa kuwa humo hoja ileile hujirudia mwaka hadi mwaka na jina la halmashauri ileile.

Kumbuka mjadala wa Aprili 2018 kuhusu shilingi trilioni 1.5. Zitto Kabwe, mbunge wakati huo, alichukua takwimu za ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17, akalinganisha makusanyo na matumizi, akauliza tofauti hiyo ilikwenda wapi. Lilikuwa swali halali, na mbunge kazi yake ni kuuliza. Serikali ilijibu bungeni kwa marekebisho ya hesabu. Mtaani lakini watu waligawanyika papo hapo kati ya zimeibwa na hakuna kilichopotea, kila mtu akifuata chama chake, wakati ukurasa wenye takwimu ulikuwa wazi kwa wote. Mtu aliyeufungua angejua walau nini kilikuwa kinaulizwa.

Bajeti nayo ina mtego wake. Kichwa cha habari husema serikali imetenga mabilioni kwa ajili ya barabara yenu. Fedha kutengwa ni nia iliyopitishwa na Bunge. Fedha kutolewa ni Hazina kuzituma. Fedha kutumika ni kazi kufanyika. Kati ya hatua hizo tatu miaka hupita. Vitabu vya makadirio huchapwa kwa juzuu, na Juzuu ya Nne ndiyo ya miradi ya maendeleo. Itafute barabara yako humo. Halafu soma hotuba ya waziri wa sekta ya mwaka unaofuata, pale anapoeleza kiasi kilichopokelewa hadi mwezi fulani. Linganisha namba hizo mbili, na mkutano ujao wa mbunge wako utakuwa na swali lenye uzito.

Kama mtandao haupo, anza na ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo. Omba kuiona karatasi yenyewe baada ya kusomwa. Namba zinazosomwa haraka kwa sauti haziwezi kukaguliwa na mtu yeyote, hata profesa.

Jirani zetu walipofungua fomu

Agosti 2022, vituo vya televisheni vya Kenya vilijumlisha kura za urais kila kimoja kivyake, na kwa saa nyingi kituo kimoja kilionyesha William Ruto akiongoza huku kingine kikimweka mbele Raila Odinga. Watu walishikwa na wasiwasi, wengine wakaanza kusema kura zinaibwa. Vituo havikuwa vimeghushi. Vilikuwa vinajumlisha fomu zilezile kwa mpangilio tofauti. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeweka hadharani picha za Fomu 34A za vituo vya kupigia kura, ambavyo vilikuwa zaidi ya 46,000, na raia mwenye subira aliweza kufungua fomu ya kituo chake na kulinganisha na karatasi iliyobandikwa mlangoni. Mahakama ya Juu ilithibitisha ushindi wa Ruto Septemba 5, lakini wapo Wakenya wengi ambao tayari walikuwa wamejisomea.

Mwaka 2024 vijana wa Kenya walifanya jambo kubwa zaidi kwa Muswada wa Fedha. Waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za makabila, wakaueleza kwa video fupi. Ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya mwaka ya asilimia 2.5 kwenye magari vikajulikana hadi sokoni. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kuwa hatausaini muswada huo. Damu ile haikustahili kumwagika. Lakini kuhusu kusoma, tukio lile linaonyesha kwamba simu inayolaumiwa kwa kuua usomaji inaweza kubeba muswada mzima, wenye simu wakiamua.

Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo miswada mingi ilikuja kwa Kiingereza, na mwananchi alilazimika kusimuliwa. Kisingizio cha lugha kinaendelea kupungua. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge ziko kwa Kiswahili kwenye tovuti ya Bunge, neno kwa neno, kwa hiyo kipande cha sekunde thelathini cha mbunge anayefoka unaweza kukilinganisha na hotuba yake nzima.

Kinachokuja kwa simu

Mabango yenye nembo ya gazeti maarufu na kauli nzito ya kiongozi hughushiwa kwa dakika chache. Nembo haithibitishi chochote. Ingia kwenye ukurasa rasmi wa chombo hicho uone kama bango lipo. Kwa picha na video, uliza ilipigwa wapi na lini: mabango ya maduka, namba za magari, sare za polisi, lugha inayosikika nyuma. Kwa sauti isiyo na jina wala tarehe, iache ilipo, hata kama msemaji analia. Siku hizi sauti ya mtu huigwa na kompyuta kwa kiwango ambacho mkewe anaweza kudanganyika.

Kipindi cha hatari zaidi ni pale mawasiliano yanapokatika kisha yakarudi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania iliyoandamana na ghasia, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, picha na madai vilimiminika kwa mkupuo, ya kweli na ya uongo pamoja, na familia zilizokuwa zinatafuta ndugu zao zikalazimika kuchambua zenyewe. Wakati kama huo hifadhi ulichopokea bila kukihariri, andika tarehe na aliyekutumia, na usikisambaze kabla hujampata mtu aliyekuwepo mahali hapo. JamiiCheck na Nukta Fakti huhakiki madai kwa Kiswahili, na Africa Check na PesaCheck hufanya kazi hiyo Kenya na nchi nyingine za Afrika. Fahamu pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo kwa nia ya kupotosha au kudhuru. Sheria hiyo imelalamikiwa sana kwa namna inavyotumika, na hiyo ni sababu nyingine ya kutopeleka mbele usichokijua.

Kama nyumbani yupo asiyesoma

Ukimsomea mzee au jirani, msomee maandishi yote kwanza kama yalivyo. Maoni yako yangoje. Ukianza na kusema hawa wametudanganya tena, utakuwa mtangazaji wa asubuhi mwingine. Mwache aulize, rudia aya aliyoitilia shaka, na kama hujui jibu liacheni wazi hadi mpate pa kuuliza.

Wengine wanaoonekana hawasomi wana tatizo la macho tu. Kuanzia miaka arobaini hivi, uwezo wa kuona vitu vya karibu hupungua kwa karibu kila mtu, na wapo waliowahi kusoma vizuri ambao wameacha kimyakimya kwa aibu. Kapimeni macho. Miwani ya kusomea si ghali, na inaweza kumrudishia mtu gazeti alilolikosa kwa miaka kumi.

Kwa asiyejua kabisa, kila halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu ya watu wazima. Muulize kuhusu madarasa ya watu wazima yaitwayo MUKEJA, au uliza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwenye ofisi zake za mikoa. Darasa likiwa halipo, orodha ya majina ya watu kumi au kumi na tano wanaolitaka, ikipelekwa na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, hupata majibu haraka kuliko mtu mmoja anayeulizia.

Barua ya kuomba taarifa

Hati unayoitaka ikikosekana kwenye ubao na kwenye tovuti, iombe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, kwa Tanzania Bara, inampa raia haki hiyo, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka huohuo, na muda wake ni siku 21. Barua iwe fupi: jina lako na anwani, jina la hati, mwaka wa fedha, na mradi unaouulizia. Usiandike malalamiko wala siasa ndani yake. Omba hati moja kwa barua moja, mfano mkataba wa ujenzi wa kisima fulani au taarifa ya fedha zilizopokelewa na shule fulani kwa mwaka 2023/24. Ipeleke masjala kwa nakala mbili, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na uanze kuhesabu siku kuanzia tarehe ya muhuri huo. Ukinyimwa, taasisi inapaswa kukupa sababu kwa maandishi. Hapo unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na usiporidhika unakata rufaa kwa waziri, ukiambatisha nakala ile yenye muhuri.